Usukani Mzito, Lakini Saa Ngapi?

Siku usukani uliponigomea kabisa nilikuwa katikati ya kona, kwenye mlima wa kuingia Newala ukitokea Masasi. Nyuma yangu fuso lenye magunia matupu lilikuwa linapanda kufuata korosho, dereva wake anapiga honi kama anaita mbuzi. Kushoto kwangu bonde limelala chini mpaka macho yanachoka. Nilivuta usukani kwa mikono miwili, ukaja nusu, ukasimama. Nikaunyanyukia, nikaulalia kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Ukakubali shingo upande.

Nilipofika juu niliegesha, nikanywa chai ya rangi na chapati moja, halafu nikarudi kuujaribu. Laini kama pamba. Nikakata kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Hakuna kitu. Mtoto wa kaka yangu, ambaye kwenye safari zangu ndiye utingo, mpishi na mshika tochi, akaniangalia kwa huruma.

"Shangazi, labda umechoka tu."

Ningemwelewa kama ingekuwa mara ya kwanza.

Kwa wasiolijua gari langu: ni Coaster, basi dogo, namba A, yaani la usajili wa zamani, lilikula abiria miaka mingi kabla halijawa langu. Viti nimeving'oa vyote isipokuwa cha dereva na cha pembeni yake. Nyuma kuna kitanda, jiko la gesi, meza ya kukatia vitambaa inayokunjwa ukutani, cherehani mbili, betri nne za sola, na tangi la maji la lita 200 mgongoni mwa kiti changu. Nashona sare za shule. Badala ya wazazi kuja mjini kutafuta shati jeupe na sketi ya bluu, mimi ninawafuata. Naegesha karibu na shule, napima, nakata, nashona usiku, asubuhi mtoto anavaa. Miezi yangu mizuri ni kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza na hela ikaonekana mikononi mwa watu, mpaka shule zinapofunguliwa Januari. Watalii wanaopita kwenda Msumbiji na nyumba zao za matairi hunipungia mkono barabarani kama tumetoka ukoo mmoja. Watoto wanaliita gari la kulala.

Tatizo lilianza mapema zaidi, mwaka 2024. Masika yale yalikuwa mabaya. Mei kimbunga Hidaya kikaleta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, vitambaa vyangu vikabaki Kariakoo, na mimi nikaamua kuliacha gari limelala Mikindani kwa jamaa mpaka mambo yatulie. Liliegeshwa hatua chache kutoka baharini, chini ya mnazi. Anayeijua Mikindani anajua chumvi yake. Inakula nondo za madirisha, inakula bawaba, inakula hata kitasa cha mlango ambao haufunguliwi. Gari likakaa pale zaidi ya miezi miwili, na tairi likipungua upepo kidogo najaza, nikidhani ndiyo matunzo.

Julai nililiwasha kwenda Nanyamba. Kukata kona ya kwanza nikahisi kitu, usukani unakwenda vizuri, halafu unabana kidogo, halafu unaachia. Kama mtu amekushika mkono na kukuacha. Kwenye barabara iliyonyooka ukawa haurudi wenyewe katikati baada ya kona, unabaki ulipouacha, na gari linakuwa kama mlevi anayejikaza asijulikane. Narudisha kushoto, linazidi. Narudisha kulia, linazidi.

Nikalipeleka gereji. Sitataja ni ipi, maana waliofanya makosa humu ni watu watatu na wa nne ni mimi. Fundi, kijana mmoja, alifungua kichupa cha mafuta ya stelingi, akakuta yamepungua, akaona mpira mmoja unavuja jasho, akaubadilisha, akajaza mafuta hayo, yanayoitwa ATF, akanirudishia ufunguo. Nikaendesha siku tatu, nne, ile hali ya kubana ikapungua. Nikasema kazi imekwisha.

Novemba ndiyo ikatokea ile ya Newala.

Gereji ya pili, upande wa Masasi, fundi alilala chini ya gari, akatikisa tairi, akatoka na jibu moja: "Ina plei," yaani imelegea. Akabadilisha tairodi endi zote mbili, vile viungo vinavyovuta tairi usukani ukikatwa, akanipeleka kufanyiwa alaimenti, kunyoosha tairi. Wiki moja baadaye, njiani kati ya Ndanda na Nyangao, ukagoma tena nikimpisha lori la makaa ya mawe linalokwenda bandarini Mtwara. Malori yale hayana subira, na wewe ukichelewa kukata upande wako ni shauri yako. Gereji ya tatu wakasema pampu imekufa. Iliyotumika ikaagizwa Dar, ikafungwa, nikalipa hela ambayo ni sketi mia na zaidi. Tulipotoka kuijaribu mtaani ilikuwa laini, fundi ananiangalia kwa tabasamu la mtu aliyeshinda kesi.

Kumbe hata ile ya zamani ilikuwa laini mtaani. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, na sikushtuka.

Ugonjwa wa namna hii unatia aibu. Unafika gereji unaeleza kwa mikono na mdomo, fundi anakaa kwenye kiti, anazungusha usukani kwa kidole kimoja, anakutazama. Ukiwa mwanamke anakutazama mara mbili. Nimeambiwa nile ugali vizuri. Nimeambiwa Coaster si Vitz. Mmoja aliniuliza mume wangu yuko wapi ili amweleze yeye. Basi fundi asipouona ugonjwa na hataki kukurudisha mikono mitupu, anachagua kifaa. Si kwamba ni mwizi. Tairodi endi zangu kweli zilikuwa zimechoka, zilistahili kutoka. Ila hazikuwa ndizo.

Baada ya pampu ndipo nilipoanza kuandika. Sikuwa na akili nyingi, nilikuwa na hasira tu, nilitaka ushahidi wa kwenda nao kwa fundi. Kijitabu kilichokuwa karibu kilikuwa cha vipimo, kwa hiyo ukikifungua leo utakuta hivi:

"Mtoto wa Mama Zuhura, darasa la tatu, sketi, kiuno 22, urefu 19."

Na chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Nyangao kwenda Mtama, saa saba mchana, nimeendesha saa mbili, injini ya moto, kukata kulia, MZITO. Ukalegea nilipotoa mguu kwenye mafuta."

Ukurasa mwingine: "Mtama, saa kumi na mbili asubuhi, gari limelala siku nne, injini ya baridi, natoka uwanjani taratibu. Umebana, ukaachia, ukabana."

Niliandika mara kumi na moja. Sikuona chochote ndani yake. Niliona nina gari bovu mchana na bovu asubuhi.

Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi, ya Lindi na ya Mtwara zinapokutana, kuna mzee anayetengeneza magari chini ya mwembe. Hana bango. Nilielekezwa na mama muuza ming'oko ambaye mwanawe anaendesha bodaboda. Nilimkuta mzee amekaa kwenye tairi kuukuu anasafisha plagi kwa msasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nyumba yako inaumwa nini?"

"Usukani mzito."

Akaendelea kusugua plagi. "Mzito, lakini saa ngapi?"

Nilidhani ananitania. Nikaanza ile hadithi yangu ya Newala, ya lori la makaa, ya pampu. Akanikatiza kwa upole: hakuniuliza wapi, ameniuliza saa ngapi, gari likiwa limetoka kufanya nini. Hapo nikakumbuka kijitabu. Nikampa. Hakuwa na miwani, akamwita mtoto wa kaka yangu. "Mjomba, hebu nisomee." Kijana akasoma yote kumi na moja, pamoja na viuno vya watoto kwa sababu hakujua kipi aruke.

Mzee akachukua kijiti, akachora mstari mchangani. Kila kilichosomwa kikiwa na injini ya moto na mguu kwenye mafuta akaweka kokoto huku. Kila cha injini ya baridi na mwendo wa taratibu akaweka kule. Kokoto saba, kokoto nne. Hakuna hata moja iliyokaa katikati.

"Una wagonjwa wawili," akasema, "umewapa jina moja."

Nilikaa kimya kidogo. Miezi mitano nimekuwa nikisema "mzito" kana kwamba mzito ni mmoja. Ule wa Newala ulikuwa mzito wote, mwanzo mpaka mwisho wa mzunguko, kama umebeba ndoo. Ule wa asubuhi ulikuwa unauma mahali na kuachia. Mikono yangu ilijua tofauti siku zote. Mdomo ndio haukuwa na neno.

Hakufungua kitu siku hiyo. Alifanya jambo ambalo gereji zote tatu hazikulifanya, akapanda gari akakaa pembeni yangu. Tukaenda Lindi na kurudi, na njiani akanikataza kupumzisha injini. Tuliporudi chini ya mwembe akasema nisizime. Kwenye Coaster injini iko hapo hapo ndani, kati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko. Akaniambia nifunge kanga vizuri, nikunje mikono ya blauzi, mikanda ya injini haina adabu. Akafungua kifuniko, joto likatupiga usoni, akamulika tochi kwenye kichupa cha mafuta ya stelingi.

ATF ikiwa nzima ni nyekundu na unaona mpaka chini. Hii ilikuwa na rangi ya waridi, imejaa mapovu kama togwa iliyochacha.

"Inakunywa hewa," akasema.

Kijana akakaa kwenye usukani. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, alikata kulia na kushoto, laini. Mzee akamwambia akanyage mafuta kidogo huku anakata. Pampu ikaanza kulia, ule mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Na hapo mbele ya macho yangu, kwenye mwanga wa tochi, mpira mnene unaotoka kwenye kichupa kwenda kwenye pampu ukajifinya. Ukabonyea katikati, ukalala, ukawa bapa kama lastiki ya kiuno iliyovutwa.

"Shangazi, umegoma!" kijana akapiga kelele.

"Toa mguu," mzee akasema. Kijana akatoa mguu. Mpira ukajaa tena, taratibu, ukawa mviringo kama hakuna kilichotokea.

Tulirudia mara tatu kwa sababu mimi niliomba. Nilikuwa nimelipa hela nyingi kuona kitu hicho.

Nieleze kwa ufupi kwa wanaotaka kujua. Pampu ya stelingi ina mipira mikuu miwili inayoihusu. Mmoja unapeleka mafuta kwa msukumo mkubwa kwenye stelingi boksi, kasha la gia linalogeuza tairi, huo ni mgumu, una mashine zake za kubania, na kila fundi anauheshimu. Mwingine unaleta mafuta kutoka kwenye kichupa, na watu wanaudharau kwa sababu hauna msukumo ndani yake, umefungwa kwa klipu tu. Lakini huo hausukumwi, unafyonzwa. Ukiwa laini, pampu ikifyonza kwa nguvu unajifunga wenyewe, kama mrija wa kunywea juisi nzito. Pampu inabaki haina cha kusukuma, na wewe unabaki na tani zako peke yako. Ndiyo maana pampu niliyonunua haikusaidia. Ilikuwa inanyweshwa kwa mrija ule ule.

Na mrija ule ulikuwa wa nani? Ni ule aliofunga kijana wa gereji ya kwanza mwezi Julai. Mzee aliuchomoa, nikaupasua kwa mkasi wangu wa kitambaa, jambo ambalo sijawahi kuruhusu mtu mwingine alifanye. Ulikuwa mpira wa maji, wa kule kwenye rejeta. Mpira wa maji ukinyweshwa mafuta unavimba kwa ndani na kulegea, ukipata moto unalegea zaidi. Nilipoubonyeza kwa kidole gumba uliitika kama utumbo. Kwa hiyo asubuhi, ukiwa wa baridi, unasimama imara. Ukienda saa mbili kwenye jua la Mtama, halafu ukakanyaga mafuta mlimani huku unakata kona, unajifinya. Ukifika gereji ukapanga foleni nusu saa, unapoa, unasimama imara tena, na fundi anakuambia ule ugali.

Yaani tiba ya mgonjwa wa kwanza ndiyo iliyomzaa wa pili.

Mpira sahihi tuliupata Lindi, kwenye duka la tatu. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa wa maji kwa mara nyingine, "ni saizi hiyo hiyo mama", na kweli saizi ilikuwa hiyo hiyo. Mzee alimwaga mafuta yote ya zamani, akafunga mpira na klipu mpya mbili, akanyanyua tairi za mbele kwa jeki na magogo chini yake. Injini ikiwa imezimwa, kijana akazungusha usukani toka mwisho hadi mwisho, polepole, mara ishirini hivi, mzee anaongeza ATF kila inaposhuka. Ndipo wakawasha. Mapovu machache, halafu nyekundu safi. Mzee alimwonya kitu kimoja, usukani ukifika mwisho asiukandamize pale, sekunde chache zinatosha kuichemsha pampu.

Akafuta mikono. "Mmoja amepona."

Nikamwambia wa pili bado yuko pale pale. Akasema tulale, hewa iliyobaki ingetoka. Sikubishana, nyumba ninayo. Faida ya gari la kulala ni kwamba likiharibika unapika.

Asubuhi, tairi bado ziko juu ya magogo, nilikaa kwenye kiti kabla mzee hajaja. Injini haijawashwa. Nikashika usukani kwa vidole viwili, kama ninavyoshika gurudumu la cherehani, nikauzungusha taratibu. Kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa nikisikiliza vitu vinavyozunguka. Cherehani ikikaza mahali popote ovyo ni uchafu au uzi umenasa. Ikikaza mahali pale pale kila mzunguko, ujue kilichoharibika kinazunguka pamoja na lile gurudumu, usihangaike kwenda kutafuta chini kwenye pedali.

Usukani ukabana. Nikachukua chaki ya kitambaa, nikaweka alama juu yake. Nikaendelea. Nusu mzunguko, ukabana tena. Alama. Nikaendelea, alama ya kwanza ikarudi pale ilipokuwa, ukabana. Nilizunguka mpaka mwisho wa kulia, nikarudi mpaka mwisho wa kushoto. Kila mara ni kwenye alama zile mbili, zinatazamana kama saa sita na saa kumi na mbili.

Mzee alipofika nilimwonyesha. Akasema inaweza kuwa kingipini, zile pini ambazo tairi za mbele hugeukia, zimekauka, gari limekaa muda mrefu.

"Baba, kingipini haizunguki. Tairi toka mwisho hadi mwisho halifiki hata robo ya mzunguko. Huu usukani umezunguka zaidi ya mara nne, na kila mzunguko unabana mara mbili."

Aliangalia zile alama za chaki. Akazungusha mwenyewe, akafumba macho. Akacheka kile kicheko cha wazee kinachotokea puani.

"Krosi," akasema.

Fimbo inayotoka kwenye usukani haiwezi kushuka moja kwa moja hadi kwenye stelingi boksi, lazima ipinde, na mahali inapopinda pana kiungo cha krosi, chenye umbo la msalaba, ndugu mdogo wa zile za propela, ile fimbo inayopeleka nguvu tairi za nyuma. Krosi ikikaza upande mmoja, kila nusu mzunguko inapita pale inapouma. Mzee alitia alama ya nukta kwenye fimbo na kwenye kiungo ili vikirudishwa vikae kama vilivyokuwa, akafungua bolti, akaitoa, akaniwekea kiganjani. Upande mmoja ilijikunja kwa wepesi. Upande wa pili ilinibidi nitumie mikono yote miwili, na ilipokubali ilitoa unga mwekundu wa kutu. Ndani mle mna bearingi nyembamba ndefu, nazo mafundi wanaziita za sindano. Miezi miwili ya chumvi ya Mikindani, na sindano zangu zimeota kutu.

Nilimwomba aipulizie mafuta ya kulainisha kutu niendelee na safari, Mchinga walikuwa wananisubiri. Alikataa. Ukiilainisha leo, akasema, utaificha, na kitu kilichojificha ndicho kilichokufikisha hapa. Tena krosi iliyokwisha kuliwa haijulikani itaachia lini. Hapo alikuwa mkali kidogo na alikuwa na haki. Usukani mzito unakuchosha, lakini tairi bado zinakusikiliza. Ulio legelege, unaogonga, unaozunguka kidogo bila tairi kufuata, huo si wa kuandika kwenye kijitabu. Huo unaegesha hapo hapo na kumwita mtu.

Krosi ikaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, ikaja na basi usiku wa pili. Siku hizo mbili nilishona mashati kumi na nne chini ya mwembe, na wateja wa mzee wakawa wateja wangu. Yeye akazunguka gari langu akitafuta kasoro. Tairi za mbele zilikuwa na upepo pungufu. Akagonga tangi la maji kwa kifundo cha kidole, akauliza lina lita ngapi. Nikamwambia 200. "Hizo ni kilo 200, umezikalisha juu ya tairi za mbele." Betri nazo zilikuwa upande huo huo wa mbele, kwa sababu nyaya zilikuwa fupi. Havikuwa ndiyo ugonjwa, ila vilikuwa vinamkandamiza mgonjwa. Tukavihamishia karibu na ekseli ya nyuma, nikapoteza nafasi ya masanduku ya uzi. Bado nalalamika.

Siku ya kuondoka alikataa kupokea hela yote. Akachukua ya vifaa na nusu ya ufundi. Nusu iliyobaki, akasema, nimtumie nikishapanda Newala, mchana, injini ikiwa ya moto.

Nilipanda Alhamisi. Nilitoka Masasi saa saba makusudi. Kwenye ile kona usukani ulizunguka kwa mkono mmoja na kurudi wenyewe katikati, na nilipofika juu nilikuwa nacheka peke yangu. Nikampigia pale pale.

"Baba, umekata wenyewe!"

"Vizuri. Tangi lilikuwa na maji?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimelimwaga Masasi, kupunguza uzito.

"Basi hujapanda," akasema. "Lijaze, ushuke, upande tena."

Kijana alijaza madumu bombani kwa saa nzima, anakoroma kwa hasira. Tukashuka mpaka chini kabisa, tukageuza, tukapanda na kilo zetu 200. Saa kumi na dakika chache, karibu na soko la Newala, nilimtumia mzee hela yake kwa simu, na kwenye kijitabu, chini ya kaptula za mapacha wa darasa la kwanza, nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Newala, injini ya moto, tangi limejaa, kukata kulia. Mwepesi."